Paka Haasiliwi, Wala Kigari si Mdoli

Mshairi mwenzangu, mtu ninayemheshimu, amenirudishia beti nne akiwa amezitia mkono mahali pawili. Nilipoandika kwamba nimemtoa paka Mikumi nikaja kumfuga Kilosa, yeye ataka niseme "nimemwasili". Napinga. Kuasili, kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyolitumia neno hilo, ni kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kwa amri ya mahakama. Paka huyu hakupita kwa hakimu. Alitiwa kapuni, akalia njia nzima, na sasa hulala juu ya kamusi yangu. Tuna "kufuga", na upendo haupungui humo.

La pili ndilo lililonikera. Paka alikiibua sandukuni kigari changu cha utotoni, cha waya, magurudumu yake vipande vya kandambili. Mwenzangu akakiita "mdoli", eti mizani imemlazimu. Hesabuni wenyewe: "kigari changu cha waya" ni mizani nane, "mdoli wangu wa kale" ni nane vilevile. Mdoli ana uso, huvikwa nguo, hubembelezwa (naye alikuwa na jina zuri zaidi, mwanasesere, ila hilo ni la siku nyingine). Kigari husukumwa. Pia, tiara, manati, chandimu: ukingoni mwa Mkondoa kila kimoja tulikiita kwa jina lake. Leo sisi washairi twavitupa vyote katika kapu moja, kisha twawalaumu vijana kwa uhaba wa msamiati!

Beti nimezirejesha zilivyokuwa. Paka, naye, ameshang'oa gurudumu moja.