Usitie Sahihi kwa Haraka

Ndugu wafanya kazi, tunataka kusema juu ya karatasi moja ya huko Uingereza. Fundi wa kandarasi mwenye kampuni yake mwenyewe, akipelekwa kwa tajiri na wakala wa kazi, analindwa na kanuni za mwaka 2003. Lakini kanuni hizo hizo zamruhusu kujitoa, yeye pamoja na kampuni yake, kwa kumwarifu wakala kabla ya kujulishwa kwa tajiri.

Wako wasemao kwamba kujitoa ni alama ya mtu anayejitegemea. Sisi twauliza: anapoteza nini? Kanuni zamkataza wakala kuzuia malipo ati kwa sababu tajiri bado hajamlipa, au kwa sababu karatasi ya masaa haina sahihi ya tajiri. Tena zaweka mpaka kwa ada ambayo wakala aweza kumdai tajiri atakaye kumchukua fundi moja kwa moja. Akijitoa, ngao hiyo imekwenda; amebaki na mkataba wake tu.

Wala wakala hana ruhusa kusema, "Jitoe, ama hupati kazi." Na fundi akisha kuanza kazi, akibadili nia haitamfaa mpaka kazi ile iishe.

Shauri letu kwa ndugu walioko huko ni hili: kujitegemea si kuacha haki. Anayekuharakisha kutia sahihi, mwulize kwanza faida ni ya nani. Soma karatasi, uliza chama, ndipo ushike kalamu.