Shahidi aliyesahau saa si lazima awe mwongo

Manusura wa ukatili akisimama mahakamani, mara nyingi huangushwa na maswali yanayoonekana mepesi: ilikuwa saa ngapi, mshambuliaji alivaa shati gani, mbona polisi ulisema vingine? Akibabaika, huitwa mwongo. Hukumu hiyo ya haraka inapingana na tunachokijua leo kuhusu ubongo wa mtu aliyepatwa na kiwewe, na inawanyima haki wanaoihitaji mno.

Hatari inapozuka, mwili humwaga adrenalini na kotisoli. Homoni hizi huisaidia amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, kukaza kumbukumbu ya kiini cha tukio: kisu, sauti, harufu. Lakini hipokampasi, inayounganisha mahali, wakati na mfuatano wa mambo, huweza kulemewa. Ndiyo maana mtu hukumbuka kisu waziwazi na kushindwa kutaja saa. Hata kumbukumbu iliyohifadhiwa vizuri huweza kugoma kutoka. Mwaka 2000, Dominique de Quervain na wenzake walionyesha kwamba watu wenye afya njema, wakipewa kotisoni, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa kotisoli, muda mfupi kabla ya kuulizwa maneno waliyojifunza siku iliyotangulia, walikumbuka machache zaidi. Kwa hiyo wakili anayemfokea shahidi aliyekwisha kujaa hofu huenda anauzidisha usahaulifu uleule anaoutumia kama ushahidi wa uongo.

Wapo watakaosema hoja hii inawapa waongo kichaka cha kujificha, na kwamba mshtakiwa naye ana haki zake. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini sayansi hii haimpendelei mtu. Utafiti wa mwaka 2004 kwa zaidi ya wanajeshi 500 wa Marekani uligundua kwamba wengi waliohojiwa kwa vitisho mazoezini walishindwa baadaye kumtambua aliyewahoji ana kwa ana. Ugunduzi huo unamlinda pia asiye na hatia aliyenyooshewa kidole na shahidi mwenye uhakika. Kinachotakiwa ni kupima kiini cha maelezo pamoja na ushahidi mwingine, wala si kuamini kila neno. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, wakiwa Arusha, walifanya hivyo mwaka 1998 katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari: walizingatia athari za kiwewe walipopima tofauti katika maelezo ya mashahidi, na bado walitoa hukumu iliyosimama juu ya ushahidi.

Mfano huo ulitolewa kwenye ardhi yetu ya Tanzania, nasi hatuna sababu ya kuupuuza. Maofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wamwache manusura aeleze kwanza anachokumbuka, kwa mpangilio wake, bila kukatizwa. Maswali ya tarehe na saa yafuate baadaye. Mahakimu nao wazuie maswali ya kutisha, na wasiitupe kesi kwa sababu ya saa iliyosahaulika pale ambapo kiini cha maelezo hakijatikisika.