Setilaiti Peke Yake Haitoshi

Mwandishi aliyedai kwamba picha za setilaiti zinatosha, na kwamba vituo vya kupimia hewa ardhini ni gharama za bure, amekosea. Setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, hupita mara moja kwa siku, mnamo saa saba na nusu mchana. Nenda eMalahleni, Afrika Kusini, asubuhi ya Juni: majiko ya makaa ya mawe yanafuka, baridi imeukandamiza moshi, umetanda usawa wa madirisha. Setilaiti ikifika, umeshatawanyika. Mtoto ameshauvuta akienda shule. Setilaiti hiyo inafaa sana, nakubali, kuonyesha gesi ya mitambo ya umeme inaelekea wapi. Lakini kifua cha mtoto huyo kinahitaji mashine ya kupimia hewa palepale mtaani, tena inayofanya kazi usiku na mchana.