Bili imepanda, koki zimefungwa: kagua chini ya jamvi

BILI ya maji ikipanda ghafla, wa kwanza kulaumiwa nyumbani ni yule asiye na wa kumtetea. Dada wa kazi anaambiwa anafua ovyo. Watoto wanaambiwa wanaacha koki wazi. Kwenye nyumba ya wapangaji watatu wenye mita moja, mwenye familia kubwa ndiye ananyooshewa kidole, na mwisho wa mwezi watu hawasalimiani.

Lakini mara nyingine maji hayo hayajatumiwa na mtu yeyote. Yamepotelea chini ya sakafu.

Nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama zinajengwa kwa mtindo mmoja: msingi, kifusi, kisha jamvi la zege. Mabomba ya jikoni na bafuni hupitishwa ndani ya kifusi. Zege likishamwagwa na marumaru kuwekwa, hakuna anayekumbuka bomba limepita wapi. Kifusi kisiposhindiliwa vizuri kinashuka na kuvuta viungo vya bomba. Jiwe lenye ncha likiachwa chini yake hulikwaruza mwaka hadi mwaka. Bomba la chuma la zamani linaliwa na kutu. Na penye udongo mweusi wa mbuga, ardhi huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, bomba nalo linasukumwa huku na huku.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kumgombeza mtu, ipime nyumba usiku mmoja.

Chagua usiku ambao maji yapo. Siku ya mgao mita itasimama hata kama bomba limepasuka. Watu wakienda kulala, funga koki zote, hakikisha tenki la choo limejaa, kisha piga picha ya mita kwa simu, pamoja na tarakimu nyekundu zinazoonyesha lita. Alfajiri, kabla mtu hajachota maji, piga picha nyingine. Namba zikilingana, bomba lako ni zima. Zikiwa zimesogea, maji yanatoka mahali.

Usidharau kiasi kidogo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Bomba linalovuja lita moja kila dakika mbili linapoteza lita 720 kwa siku, sawa na ndoo 36. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni zaidi ya uniti 21, na hakuna aliyeoga wala kufua.

Namba zikisogea, anza na choo, maana ndicho rahisi. Tia rangi ya chakula kwenye tenki la choo na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, kinachovuja ni mpira wa ndani ya tenki.

Choo kikiwa kizima, funga koki kubwa inayoingiza maji ndani ya nyumba na uangalie mita. Ikiendelea kuzunguka, tatizo liko uani, kati ya mita na nyumba. Ikisimama, tatizo liko ndani. Nyumba inayotumia simtanki ina kipimo chake: funga maji yanayoingia kwenye tenki, pima kina kwa fimbo usiku na tena asubuhi. Kikishuka wakati koki zote zimefungwa, maji yanapotea baada ya tenki.

Kutafuta mahali penyewe kunahitaji macho na masikio. Rangi inayobanduka chini ya ukuta, chumvi nyeupe juu ya saruji, marumaru inayolia kama debe tupu ukiigonga, au majani mabichi kando ya msingi wakati uwanja mzima umekauka: hizo zote ni dalili. Usiku kukiwa kimya, fundi huweka ncha ya nondo sakafuni na sikio kwenye ncha nyingine. Maji yanayotoka kwa presha yanasikika yakifoka, na sauti huzidi kadiri anavyokaribia tundu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia tindo na nyundo. Subiri kwanza. Muulize fundi: “Fundi, hatuwezi kuliacha hili bomba tukapitisha jingine?” Ikiwa bomba ni la zamani, au limeshavuja zaidi ya mara moja, mara nyingi ni nafuu kulikata, kuliziba kabisa, na kupitisha bomba jipya ukutani au juu ya dari. Likipita nje lifunikwe kwa plasta, kwa sababu jua huharibu mabomba ya plastiki. Faida yake ni kwamba likivuja tena, utaliona.

Ikiwa bomba bado ni zima na tundu ni moja, vunja sehemu hiyo tu. Zima umeme kwanza, maana waya nazo huweza kuwa zimepita sakafuni. Fundi akate kipande kibovu na kuweka kipya, si kufunga mpira. Kisha shimo libaki wazi usiku mzima maji yakiwa na presha, nawe upige zile picha mbili za mita tena. Mita ikisimama, weka mchanga laini kuzunguka bomba, shindilia, ndipo zege limwagwe. Anayeziba siku hiyo hiyo anaweza kuvunja mara mbili.

Usiahirishe kazi hii ukisema ni hela ya maji tu. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na tundu lile lile huweza kunyonya tope la chini ya nyumba. Kama shimo la choo liko karibu, uchafu wake huingia humo, na maji yakirudi anayekunywa ni mtoto. Hadi bomba litengenezwe, maji ya kunywa yachemshwe, na yale ya kwanza baada ya mgao yamwagiwe bustani.

Kuhusu gharama, kwa kawaida bomba lililo baada ya mita ni la mteja. Lililo kabla ya mita ni la mamlaka ya maji. Ukiona maji yanatoka upande huo, toa taarifa mapema. Kwa Musoma ni MUWASA. Zile picha za mita zitakusaidia kueleza.

Picha hizo zina kazi nyingine pia. Mwite yule dada, mtoto au mpangaji uliyemlaumu, mwonyeshe namba za usiku na za alfajiri, kisha mwombe radhi.