"Karena" Katika Kijava cha Wanafunzi

Wapo wanaolalamika kwamba mwanafunzi wa Kijava nchini Indonesia huichafua lugha ya wazazi wake kwa viunganishi vya Kiindonesia. Akitaka kusema "kwa sababu", hutamka karena badala ya amarga. "Lakini" kwake ni tetapi, si nanging. Wanauita uvivu. Mimi sikubaliani nao.

Kiunganishi ni chombo cha hoja, na mtu hukichukua pale anapofunzwa kujenga hoja. Huko mihadhara, mitihani na tasnifu karibu zote ni za Kiindonesia. Kijava, lugha ya makumi ya mamilioni ya watu, kimeachiwa kipindi kifupi shuleni na mazungumzo ya nyumbani. Kijana ataizoea wapi amarga?

Kukopa si dhambi. Karena yenyewe asili yake ni Kisanskriti, na sebab yao ni ndugu wa sababu yetu, zote za Kiarabu. Linalonisumbua ni jingine. Kijava hupima heshima hata katika viunganishi: kwa rafiki amarga, kwa mzee amargi, "iwapo" kwa rafiki ni yen, kwa mzee menawi. Karena haina daraja. Kijana anayeogopa kumkosea bibi yake hujificha humo, au hunyamaza kabisa.

Katiba yao, ibara ya 32, inaitaka dola iziheshimu na kuzitunza lugha za mikoa. Basi mwanafunzi wa Yogyakarta aruhusiwe kuandika insha ya uchumi kwa Kijava, na asahihishwe hoja kwanza, viunganishi baadaye.