Kinanda Kisichosikia Kidole Chako Kitakudanganya

Kuna maneno matatu ambayo, kwa maoni yangu, yamezima wanamuziki wengi hapa Nairobi kuliko kukosa kipaji. Maneno yenyewe ni: "cha kuanzia tu."

Mambo huenda hivi. Umeweka akiba miezi sita, ama mathe ameuza kitu ili akusaidie. Mnaenda Luthuli. Muuzaji anachomoa kinanda chenye taa za rangi, anabonyeza batani moja na kinanda kinajipigia wimbo mzima chenyewe. Duka lote linatikisa kichwa. Ukiuliza kama ni kizuri unaambiwa, "Chukua hii bana, si ni cha kuanzia tu?" Mwezi wa tatu kinanda kiko chini ya kitanda, na nyumbani hukumu imeshatolewa: huyu hakuwa na kipaji, ilikuwa hamu tu.

Hakuna anayeuliza kama kinanda chenyewe kilikuwa kinaweza kumfundisha mtu. Chombo ndicho kimefeli mtihani, lakini alama mbaya anapewa mtoto.

Ndiyo maana naamini anayeanza anahitaji chombo cha ukweli kuliko hata aliyebobea. Mtaalamu ukimpa kinanda kibovu atakigusa mara mbili akuambie ni kibovu. Anayeanza hana cha kulinganisha nacho, kwa hivyo atadhani ubovu ni wake.

Sisemi ununue cha bei ghali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na najua vizuri pesa isiyotosha inafananaje. Ninachosema ni kwamba kuna kitu kimoja usikubali kukikosa: kinanda kisikie nguvu ya kidole chako. Ukibonyeza polepole kinong'one, ukigonga kwa nguvu kipaze sauti. Kwenye boksi huandikwa Touch Response. Kisichokuwa na hicho hutoa sauti ile ile hata ukikigonga kwa ngumi.

Hii si anasa. Neno "piano" lenyewe ni kifupi cha pianoforte, maneno ya Kiitaliano yanayomaanisha polepole na kwa nguvu. Kabla yake, kinanda maarufu Ulaya kilikuwa hapsikodi, na hapsikodi haikujali ulibonyeza vipi. Karibu mwaka 1700, fundi mmoja wa Italia anayeitwa Bartolomeo Cristofori alitengeneza kinanda chenye nyundo ndogo ndani, zinazofuata nguvu ya mkono. Yaani hili tatizo lilitatuliwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, halafu wewe unalipa na M-Pesa leo ili urudishiwe tatizo lenyewe, likiwa na taa za rangi.

Na madhara yake si madogo. Kuna kijana wa mtaani kwetu aliyejifunzia kinanda cha aina hiyo mwaka mzima. Kodi anazijua zote, masikio anayo. Siku aliyopewa nafasi ya kupiga kanisani, kwenye kinanda kinachosikia kidole, kila noti ilitoka kama mlango unaofungwa kwa hasira. Aliambiwa ana mkono mzito. Si kweli. Mkono wake haukuwahi kufundishwa kuwa mwepesi, kwa sababu kinanda chake hakikuwahi kumjibu.

Sasa tuje kwa majina. Casio wana CT-S200 na CT-S300. Ukiziweka pamoja zinafanana kama pacha: zote zina vibonyezo 61, zote zina sauti 400. Lakini CT-S200 haisikii kidole, CT-S300 inasikia. Yamaha nao walitoa PSR-E273 na PSR-E373. Ya kwanza haisikii, ya pili inasikia. Kwa Yamaha hata ukikutana na za zamani, kumbuka hivi: namba ikianza na E2, achana nayo, ikianza na E3, kaa tuongee. Muuzaji hatakuambia tofauti hiyo. Atakuambia ile ya bei ya chini "ni sawa tu na hiyo ingine."

Kuhusu ukubwa, usishuke chini ya vibonyezo 61 vya ukubwa wa kawaida. Hivyo ni oktavu tano, na mikono miwili inatosha kukaa pale bila kupigana. Vile vidogo vya 37 ni vya mtoto wa nasari, ama vya mtu anayejua tayari anachokitafuta. Halafu angalia kama kinatumia betri. CT-S300 inakubali betri sita za AA na ina uzito wa kilo 3.3 hivi, kwa hivyo stima ikipotea unaendelea, na ukiingia matatu unaipakata tu.

Wewe unayetaka kuunda biti, usidhani haya hayakuhusu. Kinanda chenye USB huongea na kompyuta kupitia MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vimeitumia tangu miaka ya 1980. Katika lugha hiyo kila noti hubeba namba ya nguvu, kuanzia 1 hadi 127. Kinanda kisichosikia kidole hutuma namba moja tu kila mara. Ndiyo maana piano ya biti yako inasikika kama roboti anayesoma matangazo ya kifo.

"Lakini pesa yangu haifiki huko." Sawa, basi nunua cha mtumba. Kati ya kipya kisichosikia na cha mtumba kinachosikia, mimi nachukua cha mtumba bila kufikiria mara mbili. Ila usitume pesa kwa sababu ya picha. Nenda ukakione, na ufanye haya:

Weka sauti ya piano. Usikubali wakuwekee ogani, kwa sababu ogani kwa kawaida haibadiliki na nguvu ya kidole na utadanganyika. Bonyeza kibonyezo kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu. Kama hakuna tofauti, uliza kama hiyo kazi imezimwa kwenye mipangilio. Ikiwashwa na bado hakuna kitu, sema asante uondoke.

Kisha pitia vibonyezo vyote, kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia. Ndiyo, vyote 61. Acha muuzaji akasirike. Kimoja kikinyamaza ama kikipiga kelele kuliko wenzake, hapo kuna shida ndani.

Chomeka hedifoni na usikilize pande zote mbili. Nyumba zetu zina kuta nyembamba, na hedifoni ndiyo itakuruhusu kufanya mazoezi saa nne usiku bila jirani kubisha.

Mwisho, adapta. Soma volti zilizoandikwa kwenye kinanda. PSR-E373 hutumia volti 12, CT-S300 hutumia 9.5. Mtu akikuambia "hii itaingia tu," mjibu kwamba kuingia itaingia, swali ni nini kitaungua.

Najua wapo watakaosema hata hivi ninavyovisifu si piano, kwamba mwanafunzi wa kweli anahitaji vibonyezo 88 vizito kama vya Yamaha P-45. Kama unajiandaa kwa mitihani ya piano ya klasiki, wako sahihi, na mapema ni bora. Lakini kwa anayetaka kusindikiza kwaya, kuandika nyimbo ama kuunda biti, 61 zinazosikia kidole zitambeba miaka kadhaa. Na siku akitaka kupanda, mkono wake utakuwa tayari unajua kunong'ona.

Kwa wazazi na makaka wakubwa mnaosoma hii: mkikusanya pesa ya kumnunulia mtu kinanda, msihesabu sauti wala taa. Nafasi ya kununuliwa chombo cha muziki katika nyumba nyingi huja mara moja tu. Ikiharibika, hakuna atakayemlaumu muuzaji.

Na wewe mwenye kinanda chini ya kitanda, kabla hujasema huna kipaji, kitoe leo. Kiweke sauti ya piano, bonyeza polepole, kisha bonyeza kwa nguvu. Kama sauti ni moja, basi bado hakuna aliyekupima.