Ujira wa Kakao

Tajiri mmoja awafukuze wafanyakazi wote wa kiwanda chake kwa kisingizio cha wezi wa siri za biashara. Afunge lango. Baada ya muda moshi uanze kufuka tena dohani, bidhaa zitoke, na pasionekane mtu akiingia wala kutoka. Mtaa wowote wa huku kwetu ungejua la kusema: huyo anafuga misukule.

Tajiri huyo ni Willy Wonka, mwenye kiwanda cha chokoleti katika hadithi ya watoto ya Roald Dahl, *Charlie and the Chocolate Factory*, iliyochapishwa Marekani mwaka 1964. Tofauti ni kwamba katika masimulizi yetu anayefuga misukule ni mchawi, na hadithi haiishi mpaka aumbuke. Wonka ni shujaa. Mwishoni anamrithisha Charlie, mtoto wa kimaskini, kiwanda kizima pamoja na waliomo ndani, na msomaji anashangilia. Naona kwa miaka zaidi ya hamsini mjadala juu ya vibarua wa Wonka, Oompa-Loompa, umekuwa ukimwangalia mtu asiyehusika. Tumewachunguza wafanyakazi rangi na kimo. Mwajiri tumemwacha apite.

Katika chapa ya kwanza walikuwa mbilikimo weusi kutoka ndani kabisa ya msitu wa Afrika. Wonka anawakuta wakiishi juu ya miti, wakila viwavi na kuota kakao. Anawaahidi kakao ya kutosha, anawapakia kabila zima, wake kwa waume na watoto, katika makasha yenye matundu ya hewa, na kuwaingiza nchini kwa siri. Ujira wao ni hiyo kakao. Hawatoki nje. Isitoshe, ndio wanaojaribiwa bidhaa mpya. Bazoka yenye ladha ya mlo kamili ilijaribiwa kwa ishirini kati yao, na wote ishirini wakageuka matunda. Mzee mmoja alipewa kinywaji cha kupaisha, akapaa mpaka akapotea machoni. Wonka anayasimulia haya kama vichekesho.

Msukule, tunaambiwa, hukatwa ulimi asije akamtaja bwana wake. Oompa-Loompa wana ndimi, tena ni waimbaji hodari. Kati ya watoto wanaotembelea kiwanda, Augustus mlafi ana wimbo wake, Violet mtafuna bazoka ana wake, Veruca aliyedekezwa na Mike wa televisheni vilevile. Hakuna wimbo wa yule mzee aliyepaa.

Huwa tunaambiwa kwamba Dahl alikuwa anabuni tu, na ubunifu hauulizwi. Lakini mtu huyu alifika Dar es Salaam mwaka 1938 akiwa kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, akakaa mpaka vita vilipozuka mwaka uliofuata, ndipo akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Katika kumbukumbu zake, *Going Solo*, anaeleza kwamba miongoni mwa wateja aliowatembelea ni wenye mashamba ya mkonge. Mashamba hayo yaliendeshwa na manamba: watu waliochukuliwa mikoa ya mbali kwa mkataba, wakalazwa kambini, sehemu ya malipo yao ikiwa posho. Sisemi kwamba manamba ndio waliozaa Oompa-Loompa; ushahidi huo sina. Nasema mwandishi aliishi katika nchi ambamo kupakia watu na kuwalipa chakula yalikuwa mambo ya kila siku.

Lawama zilipokuja, zilishughulikiwa kwa rangi. Filamu ya kitabu hiki ilipokuwa ikitayarishwa, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, NAACP, kilipinga, na mwaka 1971 mwongozaji Mel Stuart akatuletea Oompa-Loompa wenye ngozi ya rangi ya chungwa na nywele za kijani. Mwaka 1972 mwandishi Eleanor Cameron alikishambulia kitabu katika jarida la *The Horn Book*. Chapa iliyorekebishwa ya 1973 ikawapa ngozi nyeupe ya waridi na nchi ya kubuni, Loompaland. Afrika ikaondoka. Makasha yakabaki, kakao ikabaki kuwa mshahara, na majaribio yakaendelea. Kwa maoni yangu hapo kitabu kilizidi kuwa kigumu kukisoma kwa haki, kwa sababu alama ya mahali kosa lilipotoka ndiyo iliyofutwa.

Mwaka 2005, katika filamu yake ya hadithi hiyo, Tim Burton alimpa kazi ya kuwaigiza Oompa-Loompa wote mtu mmoja, Deep Roy, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Kihindi. Alirudia michezo ileile mara chungu nzima ili azidishwe kwa kamera na kompyuta. Filamu hiyo inamhurumia sana baba wa Charlie, aliyepokonywa kibarua na mashine katika kiwanda cha dawa ya meno. Kwa wale wa Wonka, huruma inaishia langoni.

Ni *Wonka* ya Paul King, ya 2023, iliyothubutu kufungua daftari la madeni. Humo Oompa-Loompa, anayeigizwa na Hugh Grant aliyepunguzwa kimo kwa kompyuta (jambo lililowaudhi waigizaji wenye kimo kifupi, na walikuwa na haki), anamwinda Wonka kwa sababu amechuma kakao ya watu wa Loompaland bila ruhusa. Kwa mara ya kwanza mdaiwa ni tajiri. Nilikaa vizuri kitini. Kisha filamu ikaogopa: deni likaisha kirafiki, na mdai akapewa ajira ya ukuu wa idara ya kuonja. Aliyekisoma kitabu anajua yaliyowapata walioonja kabla yake.